Neno la Mhariri: Kagondo Ipi?

Mwambie mtu mjini Bukoba kwamba unakwenda Kagondo, naye atakuuliza: Kagondo ipi? Zipo mbili. Moja ni kata ya Manispaa ya Bukoba. Nyingine iko wilayani Muleba, ndiyo yenye hospitali ya misheni. Wa huku humaliza ubishi kwa maneno mawili: "ya hospitali." Hakuna neno hata moja katika jibu hilo ambalo mwalimu wa sarufi angelipanga safu moja na -zuri na -baya. Hata hivyo kazi yote ya kivumishi imekwisha fanyika, na nauli inaweza kulipwa.

Toleo hili linahusu vivumishi vya Kiingereza na jinsi tunavyovifundisha. Nimeanza na Kagondo kwa sababu hoja yangu inaanzia hapo: mzungumzaji wa Kiswahili hasifu vitu kwa vivumishi peke yake, na Mhaya ndiyo kabisa. Tunapompa mtoto orodha ya vivumishi vya Kiingereza, kila kimoja na mwenzake wa Kiswahili ubavuni, tunampa ndoa ambazo nyingi hazipo.

Shule niliyosoma, sitaitaja, ilikuwa na mwalimu aliyepiga mstari wa chaki katikati ya ubao. Kushoto *old*, kulia "zee". Kushoto *sharp*, kulia "kali". Kushoto *tired*, kulia "choka". Tulikariri kama tunavyokariri sala. Kisha tukaingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote kwa Kiingereza, na orodha ikaanza kutuumbua. Nakumbuka sentensi yangu mwenyewe, *I have tired*, na kalamu nyekundu iliyopita juu yake. Sikuelewa kosa. Nimechoka: ni-, ndiyo *I*, -me-, ndiyo *have*, choka, ndiyo *tired*. Hesabu ilikuwa sahihi, jibu likawa siyo.

Itazame "kali" kwa utulivu. Kisu kikali ni *sharp*, mbwa mkali ni *fierce*, mwalimu mkali ni *strict*, jua kali ni *hot*, lubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyolala siku mbili ni *strong*, na wimbo mkali wa vijana wa siku hizi unadai neno jingine tena. Neno letu moja linagawanywa kwa maneno sita, na anayeligawanya ni nomino iliyo mbele yake. Geuza upande. *Old* ya Kiingereza kwetu ni mzee akiwa mtu, kuukuu ikiwa nguo, kongwe ukiwa mti au mji, ya zamani ikiwa nyumba tuliyohama. *Hot* ni chai ya moto, lakini pilipili kali. Kamusi kubwa, ya Johnson ya 1939 na ya TUKI ya 1996, hazikuishia kwenye neno moja. Chini ya kidahizo kimoja utakuta visawe kadhaa. Orodha ya ubaoni ndiyo iliyochuja, ikabakiza kimoja.

Kosa la *tired*, kwa upande wake, lina dawa nyumbani. Wanafunzi wengi huandika *I am boring* wakitaka kusema kwamba wamechoshwa na somo, na darasa zima linacheka. Kumbe Kiswahili kimekwisha tenganisha mambo hayo mawili, ila kimeyatenganisha ndani ya kitenzi. Somo linachosha, mimi nimechoka. Habari inashtua, mimi nimeshtuka. Mchezo unafurahisha, mimi nimefurahi. Kinachosababisha, Kiingereza hukipa *-ing*: *tiring*, *shocking*. Aliyepatwa hupewa *-ed*: *tired*, *shocked*. Mtoto wa darasa la tano hakosei "linachosha" na "nimechoka" hata akiwa usingizini. Angeonyeshwa kwamba ni mpaka uleule, asingehitaji kukariri chochote.

Mbali sana na hapa, kando ya bahari ya Baltiki, wako Walatvia, taifa lisilofika watu milioni mbili, nao wanasumbuka na Kiingereza hichohicho. Nimewaleta kwa sababu lugha yao inafanana na Kihaya mahali ambapo sikutegemea. Mlatvia akisema *liela māja* anasema nyumba kubwa, yoyote. Akirefusha irabu ya mwisho ya kivumishi, *lielā māja*, ni nyumba kubwa ile tunayoijua. Mhaya naye ana *omuntu murungi*, mtu mwema, na *omuntu omurungi*, yule aliye mwema, kwa irabu moja tu mbele ya kivumishi. Mmoja anaweka alama mkiani, mwingine kichwani, lakini wote wawili wanakipa kivumishi kazi ya kujibu "ipi?" Kiingereza kimelitoa jukumu hilo nje, kwa *the*. Kiswahili hakina irabu hiyo wala *the*, kinasema "ile". Kwa hiyo mtoto wa Muleba anayeangusha *the* katika insha yake hana upungufu wa akili ya lugha. Tofauti hiyo anayo kwa lugha ya bibi yake, ila hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo hiyo.

Kuna pia matamshi, na hapo niwe mfupi. Kihaya hakizitenganishi r na l kama Kiingereza kinavyofanya. Ndiyo maana utaona Oruhaya na Oluhaya vyote vimeandikwa. Kwenye vivumishi hasara yake ni kwamba *wrong* na *long* huwa pacha.

Rangi zinahitaji makala nzima, na imo ndani. Kihaya huzisema nyeupe, nyeusi na nyekundu kwa vitenzi: kwera, kwiragura, kutukura. Kitu hakina wekundu; kinafanya wekundu. Kiswahili kinazipatanisha tatu hizo na ngeli, kisha zinazobaki kinazikopa kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa. Hilo la mwisho limenikera tangu utotoni. Kahawa ya kwetu ilikuwa kijani mtini, ikawa nyekundu ilipoiva, ikawa nyeusi ilipokauka na maganda yake juani. Kahawia niliiona mara ya kwanza kikombeni, kwa watu wengine. Aliyelitunga neno hilo alikuwa mnywaji.

Walioandika toleo hili tuliwapa sharti moja: wasilete kivumishi cha Kiingereza bila nomino yake, wala tafsiri yake bila sentensi. Wengine walilalamika kwamba kurasa zitajaa. Zimejaa. Mwalimu atakayetafuta jedwali la maneno 100 ya kubandika ukutani hatalipata humu. Atapata visu, mbwa, mashati, chai, na mwanafunzi aliyechoka pembeni mwa somo linalochosha.

Jambo moja tulishindwa kuafikiana. Mhariri msaidizi anataka *educated* ifasiriwe "msomi". Mimi nimemkumbusha jina ambalo Tanzania nzima imetubandika Wahaya, *nshomile*, ambalo kwa Kihaya ni kitenzi kizima: nimesoma. Ukurasa wa 31 tumeacha vyote viwili.