Kabla ya Kumtabiri Mshindi, Ziulizwe Kura

Kila zinapokaribia sherehe za kutoa tuzo za muziki zinazoonyeshwa katika televisheni, wilaya za Kinondoni na Temeke hugawanyika kama zinavyogawanyika siku ya Simba na Yanga. Tandale huwa na mtu wake na Mbagala huwa na wake. Katika vijiwe vya kahawa vya Magomeni na ndani ya daladala ziendazo Tandika, majina ya washindi hutajwa kwa uhakika ambao ungemtia wivu mnajimu. Walimu na watumishi wa ofisini nao hawako nyuma, ingawa wao hushusha sauti kidogo. Asubuhi ya pili yake, matokeo yakiisha kutangazwa, nusu ya watabiri hao hudai kuwa tuzo zimenunuliwa.

Madai hayo yamerudiwa mno hata yamekuwa sehemu ya sherehe yenyewe. Hata hivyo, akichunguzwa vema mlalamikaji, mara nyingi huonekana kuwa hakuibiwa kitu. Alitabiri kwa mapenzi, kisha akakutana na hesabu.

Mwaka 2014 ni somo zuri katika jambo hili. Mwezi Mei mwaka huo, katika Tuzo za Muziki Tanzania, ambazo wakati ule zilijulikana zaidi kwa jina la Kili kutokana na bia iliyozifadhili, Diamond Platnumz, kijana aliyekulia Tandale, alitwaa tuzo 7 kwa usiku mmoja, pamoja na ile ya wimbo bora wa mwaka kwa "Number One". Kwa majirani zake, hiyo ilikuwa hati ya ushindi popote atakapokwenda. Juni alikwenda Durban kwenye tuzo za MTV za Afrika akarudi mikono mitupu. Mwishoni mwa mwezi huohuo, kule Marekani, tuzo ya BET ya msanii bora kutoka Afrika ilikwenda kwa Davido wa Nigeria, yuleyule aliyeshirikishwa katika toleo la pili la "Number One". Vijiwe vikatoa hukumu: hila za Wanigeria.

Basi Desemba ikafika. Katika shindano la Big Brother Africa lililofanyika Johannesburg, Mtanzania Idris Sultan aliibuka mshindi wa dola 300,000 za Marekani, na aliyemfuata alikuwa Mnigeria. Hapo hila hazikutajwa na mtu. Iweje Wanigeria wawe na nguvu za kununua tuzo mwezi Juni, wasiwe nazo mwezi Desemba?

Jibu halimo katika hila wala katika vipaji. Limo katika namna ya kuhesabu. Katika shindano la Idris, kura za kila nchi zilihesabiwa peke yake, na aliyeongoza katika nchi alipewa kauli moja ya nchi hiyo, iwe kubwa au ndogo, kama inavyokuwa katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Wingi wa Nigeria uliishia mipakani mwa Nigeria. Lakini pale ambapo kura zote za bara zinamiminwa katika chungu kimoja, Tanzania, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na watu 61,741,120, inashindana na nchi yenye zaidi ya watu milioni 200. Mtabiri anayepuuza tofauti hiyo ni sawa na mwalimu anayetoa alama za mtihani bila kuutazama mwongozo wa kusahihishia.

Kuna na namna ya tatu, nayo ndiyo iliyowapoteza watu wengi zaidi. Tuzo kuu ya kimataifa ya BET haiamuliwi kwa kura za umma, bali na jopo lililoteuliwa na kituo hicho cha televisheni. Diamond aliikosa tena mwaka 2016, ikaenda kwa Black Coffee wa Afrika Kusini, na mwaka 2021 ikaenda kwa Burna Boy. Mwaka huo wa 2021 yalitokea mambo ya ajabu kidogo. Baadhi ya Watanzania walihimizana kumpigia kura mtu wao, na wengine, kwa sababu za siasa za uchaguzi wa mwaka 2020, wakakusanya saini mtandaoni ili jina lake liondolewe. Makundi yote mawili yalikuwa yakibisha katika mlango ambao si wao wenye ufunguo wake. Ilhali mwaka 2017, katika tuzo hizohizo za BET, Rayvanny alishinda ile ya chaguo la watazamaji, ambayo kweli iliamuliwa kwa kura zao. Aliyetaka kutabiri sawasawa miaka hiyo hakuhitaji kuujua muziki hata kidogo. Alihitaji kuisoma kanuni.

Hapo ndipo penye shida, na shida yenyewe haiko Marekani wala Durban. Iko hapa nyumbani.

Tuzo za Muziki Tanzania zilianza mwaka 1999. Kwa miaka mingi wananchi walizipigia kura kwa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe una gharama, na mwenye laini nne alikuwa na sauti nne. Utabiri wa nani atashinda ukageuka kuwa utabiri wa nani ana mashabiki wenye salio. Mwaka 2015, Ali Kiba, aliyekuwa amerejea baada ya ukimya wa muda mrefu, alitwaa tuzo kubwa za usiku ule, pamoja na ya wimbo bora wa mwaka kwa "Mwana". Timu yake ilisema haki imetendeka. Timu ya upande wa pili ilisema yale yaliyosemwa na timu yake mwaka uliotangulia. Hakuna aliyeweza kumjibu mwenzake kwa tarakimu, kwa sababu kinachosomwa jukwaani bahasha ikifunguliwa ni jina la mshindi, basi. Je, alishinda kwa kura 100,000 au kwa kura 10? Mwananchi aliyetoa fedha yake kupiga kura aliondoka bila kujua.

Baada ya mwaka huo tuzo zilisimama. Msanii wa Temeke aliyetaka kujua thamani yake ilimbidi asubiri kupimwa na watu wa Lagos na Los Angeles, na hili halikuwa jambo dogo kwa taifa ambalo katika miaka ya 1970 na 1980 lilijipimia muziki wake lenyewe. Wazee wanakumbuka jinsi Sikinde na Msondo walivyoshindana bila tuzo yoyote. Aliyetaka kujua nani anaongoza alikwenda ukumbini na kuutazama umati mlangoni. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Kipimo kile cha mlangoni kilikuwa na kasoro zake, maana ukumbi wa Dar es Salaam haukuwa Tanzania nzima, lakini angalau kila mtu alikiona kwa macho yake.

Tuzo zilirejeshwa Aprili 2022, safari hii chini ya mkono wa serikali kupitia Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kurejeshwa kwake kulistahili pongezi, na pongezi zilitolewa. Linalobaki kudaiwa ni hesabu. Hakuna sababu kwa nini nchi ambayo hutangaza matokeo ya uchaguzi jimbo kwa jimbo, na matokeo ya mtihani wa kidato cha nne shule kwa shule, ishindwe kuchapisha kura za wimbo bora wa mwaka. Kizingiti cha ufundi nacho kimepungua. Tangu Januari 2020, laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, kwa hiyo kila laini inaweza kuoanishwa na mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kuhesabiwa kura moja hata akiwa na laini tano mfukoni.

Ipo hoja kwamba kutangaza tarakimu kutawaaibisha walioshindwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Timu iliyofungwa mabao matano Uwanja wa Benjamin Mkapa huyasikia mabao yake yote matano redioni, na Jumamosi inayofuata hucheza tena.

Watakaonufaika zaidi na hesabu hizo si wale nyota wawili au watatu ambao majina yao yanatawala vijiwe. Ni watu wa taarabu, wa bendi, na wa nyimbo zenye vionjo vya asili. Katika makundi hayo hakuna anayetabiri, kwa kuwa mabishano yote humezwa na nyota wa muziki wa kizazi kipya. Lakini nenda Mbagala au Tandika siku ya harusi, usikilize kinachopigwa hadi alfajiri. Ikiwa kundi la taarabu lina mashabiki wengi kuliko inavyodhaniwa, tarakimu zitasema hivyo, na wenye kumbi, wenye redio na wafadhili watalazimika kuzisikia. Ikiwa halina, nalo litajua kazi iliyo mbele yake.

Kwa sababu hiyo, BASATA ingefanya vema kutangaza mambo matatu kabla dirisha la kura halijafunguliwa: sehemu gani ya uamuzi ni ya umma na ipi ni ya majaji, majaji hao ni akina nani, na tarakimu zitachapishwa siku gani. Tangazo la ukurasa mmoja gazetini linatosha.