Padri naye ana mwili
Na Mwangi Karanja

Kati ya Ruiru na Thika, Jumamosi ya kawaida, padri huzika asubuhi, hufungisha ndoa adhuhuri, na jioni huitwa kwa mgonjwa. Sensa ya 2009 ilipata watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata 490,120. Kila familia ya Kikatoliki inayohamia huku huja na ubatizo wake, ndoa yake na msiba wake.

Kisha tunasikia paroko presha imempanda, sista tumbo linamchoma, katekista anaumwa mgongo na picha za hospitali hazionyeshi kitu. Maumivu hayo si ya kujisingizia. Dhiki isiyosemwa huuweka mwili katika tahadhari: homoni za msongo hubaki juu, misuli hukaza, usingizi hupotea.

Mzizi wa kutosema waweza kuanzia utotoni. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama na watoto wao wachanga katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto mwenye hakika na mamake ndiye anayethubutu kutambaa mbali naye, na akitishika humrudia. Kazi hiyo, pamoja na ya John Bowlby wa Uingereza, iliwafunza wataalamu kwamba mtoto asiyeitikiwa anapolia aweza kuzoea kunyamaza. Akiwa mtu mzima, aweza kuhudumia wote bila kumwomba yeyote msaada.

Hapo ndipo sisi waumini tunapokosea. Si kila mchapakazi amebeba jeraha, lakini aliyelibeba tunampigia makofi. Tunamwita padri shupavu, sista asiyechoka, na sifa hizo zinamzuia kusema amelemewa. Akianza kumzoea mtu wa kumwambia, barua ya uhamisho inafika.

Kanisa lenyewe halitaki hivyo. Kanuni ya 533 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inamruhusu paroko kupumzika hadi mwezi mmoja kila mwaka. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba malezi ya kiutu ndiyo msingi wa malezi yote ya padri.

Basi halmashauri za parokia zetu ziulize waziwazi: paroko alienda likizo lini? Bajeti iwe na fungu la uchunguzi wa afya na la mshauri nasaha ambaye hatapeleka habari kwa askofu wala kwa mkuu wa shirika. Mtu hafungui moyo mbele ya anayepanga uhamisho wake. Katekista, ambaye kanuni hiyo haimtaji na posho yake mara nyingi ni ndogo, apewe haki hiyohiyo.

Jumuiya ndogo ndogo hukutana kusali na kusikiliza shida za majirani. Padri, sista na katekista ni majirani pia. Nao wapewe zamu ya kusikilizwa.