MAJENERALI WAGOMBANA, MFANYA KAZI ALIPA

Ndugu wafanya kazi,

Wako watu hapa Malili wasemao, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Kwao, ugomvi wa majeshi ya Uganda na Rwanda si shauri letu. Sisi twakataa. Methali hiyo ni ya ndugu wa nyumba moja, wasio na mizinga. Tena mizigo ya nchi hizo hutoka Mombasa na kupita kwetu. Posho yetu imo humo.

Tazameni. Paul Kagame alikuwa afisa wa jeshi la Yoweri Museveni lililotwaa Kampala mwaka 1986. Mwaka 1997 nchi zao zilisaidia kumwondoa Mobutu, na Agosti 1998 zikaingia Kongo tena, bega kwa bega. Mwaka mmoja tu, wakapigana wao kwa wao katika mji wa Kisangani, penye biashara ya almasi: Agosti 1999, kisha Mei na Juni 2000. Juni walipigana siku sita, mamia ya raia wakafa. Mji si wa huyu wala wa yule!

Na nani alipishwa? Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita hivyo. Fedha hizo hazitoki mifukoni mwa majenerali. Zatoka katika kodi ya mkulima, kuli na dereva.

Februari 2019 wakagombana tena, Rwanda ikafunga mpaka wa Gatuna hadi 31 Januari 2022. Kuli wa mpakani alikula nini muda huo? Na ni jenerali gani mliyesikia amekosa mshahara?

Wakenya tusijione watu wa kando. Novemba 2022 askari wetu walikwenda Goma pamoja na wenzao wa Jumuiya. Desemba 2023 wakaondoka, Kongo ilipokataa kuwaongezea muda.

Chama hakikubali mapatano ya kazi yasiyoandikwa. Basi na mapatano ya majeshi yasomwe wazi Bungeni: wanakwenda kwa nini, kwa muda gani, na nani atalipa wakikosana. Nasi wa reli tushikane na wenzetu wa Uganda, Rwanda na Kongo, ili mpaka ukifungwa tuseme kwa sauti moja.

Umoja ni Nguvu.