Kinachotakiwa Siaya si bomu, na si jua pia

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya programu. Nikifika nyumbani Ndhiwa siku hizi nakuta mjadala ni mmoja: kinu cha nyuklia. Wakazi wa Uyombo kule Kilifi walikikataa, hata wakakabiliana na polisi mwaka 2024. Mwaka 2025 serikali ikageuza macho hadi Siaya, ng'ambo tu ya ziwa kutoka kaunti yetu ya Homa Bay. Ukipanda feri Mbita unashukia Luanda Kotieno, Siaya. Kwa hiyo jambo hili ni letu pia.

Kinachonikera ni kwamba tunabishania kitu kingine kabisa. Wanaopinga wanasema tunaletewa bomu la haidrojeni. Wanaounga mkono wanasema ni nguvu ile ile inayowasha jua, safi kabisa. Jamani! Pande zote mbili zinazungumzia kuunganisha viini vya atomu. Kinu kinachopangwa Kenya ni cha kupasua viini vya urani. Hizo ni kazi mbili tofauti, na hatari zake ni tofauti.

Ndani ya jua, viini vya haidrojeni hubanwa vikawa heliamu: tani kama milioni 600 kila sekunde, ambapo tani kama milioni 4 hugeuka nishati. Ajabu ni kwamba jua ni pole pole mno. Mita moja ya ujazo katikati yake hutoa wati chini ya 300, karibu sawa na lundo la samadi linalochacha. Linatushinda kwa ukubwa tu! Ndiyo maana huku duniani huwezi kuliiga. Lazima upite joto lake la nyuzi milioni 15, ufike milioni 100 na zaidi.

Wenye mabomu walifaulu mapema. Mwaka 1954 huko Bikini, Wamarekani walitarajia bomu lao la Bravo litoe kama megatani 6, likatoa 15, kwa sababu waliopiga hesabu walidhani lithiamu-7 ingekaa tu bila kushiriki. (Sisi waandishi wa programu tunazijua dhana za namna hii.) Kwa upande wa umeme, bado. Desemba 5, 2022, maabara ya NIF kule California ilipiga tembe ya mafuta kwa leza ya megajuli 2.05 ikapata 3.15, dunia ikashangilia. Lakini leza zenyewe zilikuwa zimevuta kama megajuli 300 kutoka kwenye gridi. Anayewaahidi umeme wa aina hiyo Siaya anawachezea.

Turudi kwa kinu cha kupasua. Hakiwezi kulipuka kama bomu la atomiki, kwa kuwa urani yake kwa kawaida hurutubishwa chini ya asilimia 5, na ya bomu ni kama 90. Ile milipuko ya Fukushima mwaka 2011 tuliyoiona kwenye televisheni ilikuwa gesi ya haidrojeni ikishika moto, kama inavyoweza gesi ya jikoni. Hatari ya kinu ni nyingine: ukikizima, hakizimiki. Mabaki ya urani iliyopasuka huendelea kutoa joto, asilimia 6 au 7 ya nguvu yote mara tu baada ya kuzimwa. Kinu cha megawati 1,000 za umeme hutoa joto la megawati 3,000 hivi, kwa hiyo unabaki na kama megawati 200 ambazo hazina swichi. Zinapungua taratibu, na muda wote huo lazima maji yasukumwe. Fukushima iliharibikia hapo, tsunami ilipozamisha jenereta.

Ziwa letu halina tsunami kama ile. Lakini Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, jenereta katika uwanja wa ndege wa JKIA ilikataa kuwaka na abiria wakakaa gizani.

Mimi sipingi kinu. Napinga baraza ambalo wananchi wanaambiwa habari za ajira tu, nao wanajibu kwa habari za bomu. Wazee wangu, watakapokuja na vipaza sauti vyao, waulizeni jenereta zitakuwa ngapi, zitawekwa wapi, zitajaribiwa kila baada ya siku ngapi, na ni nani asiyelipwa na kinu atakayetia sahihi kwamba ziliwaka. Kisha waulizeni urani iliyotumika itahifadhiwa wapi.