KIJANA ATOZWA FAINI KWA KUZALIWA JANA



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo limeletwa ofisini mwa chama mara nyingi mno, hata hatuwezi tena kunyamaza. Ni jambo la bima ya magari, na jinsi gharama zake zinavyotupwa juu ya mgongo wa dereva kijana. Wengine watasema: bima ni mambo ya tajiri, gari ni lake, karatasi ni zake, dereva yamhusu nini? Sisi pia tulikuwa tukidhani hivyo. Lakini someni kwanza.

Yuko ndugu yetu mmoja, umri wake miaka 23, dereva wa gari la kupeleka mikate madukani. Hatutaji jina lake wala jina la tajiri wake, kwa sababu angali anatafuta kazi na mji wenyewe ni mdogo. Asubuhi moja, saa kumi na moja na nusu, mvua ikinyesha, alikuwa akirudisha gari nyuma katika ua wa duka akagonga nguzo ya lango. Hakuna aliyeumia. Taa ilivunjika na mlango ukabonyea. Tajiri akapeleka habari kwa kampuni ya bima, na kampuni ikajibu: vyema, tutatengeneza, ila fedha za kwanza za hasara ni juu ya mwenye gari, na kwa kuwa dereva hajatimiza miaka 25, ziko fedha nyingine za kuongeza. Fedha hizo ndizo wanazoziita eksesi. Ya kawaida shilingi 15,000, na ya ujana shilingi 10,000.

Tajiri hakubishana na kampuni. Alimwita kijana akamwambia, "Hii ya ujana ni yako, maana mtu mzima asingetozwa. Na ile nyingine pia ni yako, maana ni wewe uliyegonga." Mshahara wa kijana ni shilingi 21,000. Akakatwa elfu tano kila mwezi. Mwezi wa tatu akaambiwa kazi imekwisha, gari litashikwa na mtu mwenye umri, bima itakuwa nafuu. Zile elfu kumi zilizobaki zikakatwa katika malipo yake ya mwisho. Akaenda nyumbani na nauli.

Basi hapo ndipo bima inapomhusu dereva.

Tueleze kidogo jinsi mambo haya yanavyokwenda, kwa maana tajiri hufurahi sana mfanyakazi asipoelewa. Sheria ya Kenya iitwayo Sura ya 405, ambayo asili yake ni siku za ukoloni, yakataza gari lolote kupita barabarani bila bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita thadipati. Hiyo ni kwa ajili ya watu wanaoumizwa na gari, nasi hatuipingi hata kidogo. Mama aliyevunjwa mguu kituoni astahili kulipwa. Juu yake iko bima kamili, ambayo hulinda na gari lenyewe, na ndani ya mkataba wake ndimo mnamoandikwa maneno ya umri. Mkataba mmoja husema dereva aliye chini ya miaka 21, mwingine husema 25, mwingine huongeza na yule ambaye leseni yake haijamaliza mwaka. Maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo, na dereva hayaoni mpaka siku ya ajali.

Sasa sikilizeni sheria ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaeleza ni fedha gani tajiri aweza kukata katika mshahara. Juu ya mali iliyoharibika yasema aweza kukata kiasi cha haki, ikiwa hasara ilitokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. La makusudi! Je, kijana wetu aliiona nguzo akasema, ngoja niigonge nguzo hii nione itakuwaje? Kuteleza katika matope saa kumi na moja na nusu alfajiri si makusudi. Na eksesi ya ujana ni mbaya zaidi, kwa kuwa hiyo haitokani na kosa lolote. Yatokana na tarehe iliyo katika kitambulisho. Tungependa tajiri yeyote atuonyeshe ni kifungu gani cha sheria kinachomruhusu kukata mshahara wa mtu kwa sababu mama yake alichelewa kumzaa.

Kwa hiyo twasema wazi: makato haya ni wizi, na walio wengi hukatwa kwa kuwa hawajui.

Makampuni ya bima yana jibu lao, na tulisema jibu lao kwa haki. Husema, sisi hatumchukii kijana, ni hesabu tu. Vijana hugonga zaidi, kwa hiyo walipe zaidi. Sisi hatusemi vijana hawagongi. Mtu aliyepata leseni juzi hana macho ya mtu aliyekwenda Mombasa na kurudi mara mia nne, na wazee wa chama hiki wanajua wenyewe walivyokuwa walipoanza. Lakini ikiwa ni hesabu, basi na ifanywe hesabu yote. Sheria ya Trafiki yakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Ni nani kati yenu, ndugu wa matatu, ashukaye garini baada ya saa 8? Mnaamka saa tisa usiku, mnalaza gari saa nne ya usiku, na katikati mnakimbizana na hesabu ya mwenye gari, ambayo hupelekwa kwanza kabla ya kijana hajapata hata ugali. Usingizi hugonga magari. Hesabu ya kila siku hugonga magari. Tairi lililokwisha hugonga magari. Fomu ya bima yauliza umri wa dereva. Haiulizi dereva huyo alilala saa ngapi, wala tajiri wake anataka shilingi ngapi kila jioni, maana maswali hayo yangemgusa anayeilipa kampuni, na kampuni haipendi kumkera mteja.

Hata Kanuni za mwaka 2014 za magari ya abiria zilisema wafanyakazi wa matatu wawe na mkataba wa maandishi na mshahara wa mwezi. Waulizeni wenzenu stendini ni wangapi wenye mkataba mfukoni. Lau kanuni hizo zingefuatwa, hesabu ya kila siku ingekufa, na ajali nyingi zingekufa pamoja nayo, za vijana na za wazee.

Kuna jambo lingine linalotuuma zaidi, na twadhani wengi hawajalifikiri. Gari likimaliza mwaka bila madai, kampuni humpunguzia mwenye gari ada ya mwaka unaofuata. Huitwa punguzo la kutodai. Mwaka wa pili lazidi, wa tatu lazidi. Sasa, ni nani aliyefanya gari lisigonge? Ni tajiri aliyelala nyumbani? Ni mkono wa dereva, na jicho la dereva, na mguu wa dereva juu ya breki. Lakini punguzo ni mali ya mwenye gari. Dereva akiacha kazi baada ya miaka mitano bila hata mkwaruzo, atoka mikono mitupu, na kwa tajiri mpya huhesabiwa kama mtu asiyejulikana. Cheti cha kazi, ambacho kifungu cha 51 chamlazimisha tajiri kukitoa kwa mtu aliyefanya kazi majuma manne au zaidi, husema jina, tarehe za kuingia na kutoka, na aina ya kazi. Juu ya usalama barabarani sheria haimdai tajiri neno hata moja. Yaani dereva akigonga, kosa ni lake. Asipogonga, faida ni ya tajiri.

Wakisema haiwezekani kumpima mtu kwa matendo yake, twajibu kwamba chombo cha kupunguza mwendo kimo ndani ya matatu tangu kanuni za Bwana Michuki zilipoanza mwaka 2004. Huko Uingereza, ambako kijana aruhusiwa kuendesha gari kwa miaka 17 na bima yake ya mwaka mara nyingine hushinda bei ya gari lenyewe, makampuni huwatilia vijana kisanduku cha kupima mwendo, breki na saa za usiku, ili aendeshaye kwa adabu alipe kidogo. Sisi hatukipendi sana kisanduku kile, kwa kuwa twajua tajiri akipata kitu cha kumpeleleza mfanyakazi hatakitumia kwa bima peke yake. Lakini chaonyesha kwamba wakitaka kujua mtu aendesha namna gani, waweza kujua. Na huko huko Ulaya, mwaka 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataza bima kutoza mwanamume na mwanamke ada mbali mbali kwa sababu ya jinsia tu, na tangu Desemba 2012 makampuni yakalazimika kutii. Nayo yalikuwa yamesema ni hesabu tu. Umri haukuguswa na hukumu ile. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, imeutaja umri kwa jina lake kati ya mambo ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo. Hatujaona bado mtu aliyeikumbusha meza ya bima maneno hayo.

Na ziko nchi zilizofanya vingine. Katika jimbo la Saskatchewan, huko Kanada, bima ya lazima iko mikononi mwa serikali ya jimbo tangu miaka ya 1940, na ada haitazami umri. Dereva mpya, awe wa miaka 18 au 50, huanza katika sifuri. Akiendesha vizuri hupanda na kupunguziwa, akigonga hushuka na kutozwa. Hapa karibu, Afrika Kusini hulipa walioumizwa barabarani kwa fedha zinazotozwa katika kila lita ya petroli, hata aendeshaye zaidi alipa zaidi. Hazina yao imejaa madeni, hatuifichi habari hiyo, nasi hatusemi tuichukue kama ilivyo. Twasema tu kwamba kumtoza mtu kwa umri si amri iliyoshuka mlimani Sinai.

Halafu tuambiwe, fedha hizi za ziada zimelinda nani? Kenya National Assurance ilianguka mwaka 1996. United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi, ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Kila mara walioumia waliachwa na hukumu za mahakama mkononi bila malipo, na wenye magari wakageuziwa madeni waliyodhani wameyakatia bima. Je, ni vijana wa miaka 23 waliokuwa wakiketi katika halmashauri za makampuni hayo? Tulipoangalia, tuliona wazee wa heshima, wenye suti.

Serikali nayo imejua kwamba meza ya bima ni mlango ambao dereva hawezi kuukwepa. Katika Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ilitaka kila gari litozwe kodi ya asilimia 2.5 ya thamani yake, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, na kampuni ya bima ndiyo iikusanye. Kodi ile iliondolewa mwezi wa Juni kabla mswada wote haujaanguka. Nani aliyeiangusha? Vijana, hao hao wanaoambiwa hawana akili ya kushika gari. Wengine walilipa kwa damu, nasi hatutawasahau.

Basi chama kinataka nini? Kwanza, hakuna shilingi moja ya eksesi itakayokatwa katika mshahara bila kuonyeshwa kosa la makusudi. Neno hili litaingia katika kila mapatano tutakayotia sahihi na matajiri. Bima ni gharama ya biashara, kama petroli, na hatujasikia dereva akikatwa mshahara kwa sababu petroli imepanda bei. Pili, dereva aondokapo apewe barua yenye idadi ya miaka na ajali, naye aende nayo, ni mali yake. Makampuni ya bima tunayadai yaipokee barua hiyo badala ya umri. Kwa Serikali twasema ichunguze zile saa 8, na isiwachunguze madereva barabarani tu, iende na kwa wenye magari.

Wazee wa mji huu wakumbuka madereva wa teksi wa Nairobi walivyogoma mwaka 1949, siku za Fred Kubai, kupinga sheria ndogo za halmashauri ya mji. Hawakuwa matajiri wala wasomi wa sheria. Wengi wao walikuwa vijana.

Kila mwanachama dereva aliyekatwa eksesi, ya ujana au ya kawaida, tangu mwaka jana hadi sasa, alete karatasi zake za mshahara kwa katibu wa tawi, pamoja na barua yoyote ya kampuni ya bima. Asiye na karatasi aje hata hivyo, aandikishe tarehe, kiasi alichokatwa, na jina la mtu aliyemwambia. Matawi yapeleke orodha makao makuu kabla ya mkutano wa madereva. Ndugu yetu wa mikate amekwisha leta zake, nazo ndizo za kwanza katika faili.