Kutu ya ndani haiponywi na rangi ya nje

Kila muhula unapokaribia kufunguliwa, mabasi ya shule huonekana yamepangwa katika gereji za jua kali yakingoja kupakwa rangi. Sheria ya Trafiki, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inataka gari la shule liwe la manjano ili lionekane upesi barabarani, nami sina ugomvi na sheria hiyo. Ugomvi wangu ni na sisi walimu, wazazi na wasimamizi wa shule, ambao tumeridhika na umanjano wa nje ilhali ndani ya basi chuma kinaliwa polepole. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango.

Nasema haya kama mtu aliyewahi kukosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika shule moja ya Pwani isiyo mbali na bahari, niliketi katika kamati ya usafiri iliyoidhinisha fedha za kulipaka basi letu rangi mpya. Basi lilirudi liking'aa, na wanafunzi wakalishangilia langoni. Haukupita muda mrefu kabla ya dereva kuniarifu kwamba kiti kimoja cha nyuma kilikuwa kikitikisika hata baada ya bolti zake kukazwa. Tukamwita fundi wa mabati. Alilala chini ya basi, akagongagonga hapa na pale, kisha akasukuma bisibisi kwenye mhimili ulioshikilia sakafu chini ya kiti hicho. Bisibisi ikazama hadi mpini.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa hakuna chuma. Kuna rangi tu."

Watoto wawili walikuwa wakikalia kiti hicho kila asubuhi. Lau dereva angalifunga breki kwa ghafula siku yoyote ile, kiti kingaling'oka pamoja nao. Saini yangu ilikuwa kwenye karatasi iliyolipia rangi. Hapakuwa na karatasi yoyote, ya mtu yeyote, iliyolipia usalama wa mhimili ule.

Jambo linalonitia haya zaidi ni kwamba mimi na wenzangu tulikuwa tukifundisha somo hilo hilo darasani. Mwanafunzi wa kemia analijua jaribio la misumari. Mmoja hutiwa katika maji ya kawaida, wa pili katika hewa iliyokaushwa, wa tatu katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, na wa nne katika maji ya chumvi. Baada ya siku chache, msumari ulio katika hewa kavu na ule ulionyimwa hewa hubaki salama, na ule wa maji ya chumvi huwa umeharibika vibaya. Mwanafunzi huandika kwamba kutu huhitaji maji na oksijeni, na kwamba chumvi huichochea. Hupewa alama zake, kisha hutoka nje na kupanda basi ambalo ni jaribio hilo hilo kwa umbo kubwa.

Mabasi mengi ya shule humu nchini huundwa hapa hapa. Chesisi ya lori huagizwa kutoka ng'ambo, na juu yake viwanda vyetu hujenga kiunzi cha mabomba ya mraba ya chuma, kisha kikafunikwa kwa mabati. Mabomba hayo yana uwazi ndani, na brashi ya mpaka rangi haifiki humo. Aidha, fundi anapochomelea kiungo, moto huunguza kinga yoyote iliyokuwa upande wa pili wa bati, na upande huo haupakwi tena. Maji ya mvua na yale ya kuoshea sakafu hupenya kwenye viungo. Matundu yaliyowekwa ili maji yatoke huzibwa na matope. Huko Pwani, upepo wa bahari huongezea chumvi yake.

Magari madogo nayo hayajasalimika. Vizingiti vya milango, nguzo za pembeni na sehemu ya chini ya milango yenyewe ni mabati mawili yaliyounganishwa na kuacha uwazi katikati. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi huvimba mfano wa lengelenge. Lengelenge hilo linapojitokeza nje, mara nyingi kutu imekwisha kula kuanzia ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mtu asidhani kwamba hili ni tatizo la maskini pekee. Nchini Marekani, mwaka 2016, kampuni ya Toyota ilikubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 ili kumaliza kesi iliyodai kwamba fremu za baadhi ya magari yake ya mizigo hazikuwa zimekingwa kutu ipasavyo. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilikubali kugharimia ukaguzi wa fremu na kuzibadilisha zile zilizooza. Ikiwa kasoro ya kinga yaweza kugharimu kiasi hicho, itakuwaje kwa shule inayochangisha wazazi ili kununua basi moja?

Dawa ya jambo hili si ya kimiujiza. Kwanza, matundu ya kutolea maji yazibuliwe, na uwazi wa ndani usafishwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha gari liachwe juani hadi likauke kabisa. Pili, kazi yoyote ya kuchomelea ikamilishwe kabla ya kinga kutiwa, kwa maana dawa ikiwa mbichi huweza kushika moto. Tatu, inyunyizwe nta maalum ya majimaji kwa mrija mrefu unaoingizwa katika matundu yaliyopo, hadi ionekane ikichuruzika kwenye viungo. Nta hiyo hupenya katika mikunjo na kubaki laini, kwa hivyo haipasuki gari linapotikisika. Lami ngumu, kinyume chake, ikipasuka huhifadhi maji chini yake. Mwisho, matundu ya maji yaachwe wazi, na kazi nzima ikaguliwe tena kila mwaka. Fundi naye avae barakoa na afanye kazi mahali penye hewa ya kutosha.

Wako wanaomimina oili chafu ya injini katika mashimo hayo. Siungi mkono desturi hiyo. Oili iliyotumika hubeba asidi na uchafu, huharibu mipira, na hudondoka ardhini mahali ambapo watoto huchezea.

Najua nitaambiwa kwamba shule hazina fedha hata za vitabu. Hoja hiyo ni nzito, na sitaipuuza. Lakini fedha za rangi hupatikana kila mara, kwa kuwa rangi huonekana siku ya wazazi. Katika shule yetu, gharama ya kukata mihimili iliyooza na kuweka mipya ilizidi mbali gharama ya rangi, na kinga ingalikuwa nafuu kuliko vyote viwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hivyo, napendekeza kwamba kila bodi ya usimamizi itenge kifungu cha fedha cha kukinga kiunzi cha basi, na kwamba fundi asilipwe kwa rangi kabla ya kuonyesha hali ya mihimili iliyo chini yake. Napendekeza vilevile kwamba mwalimu wa sayansi awatoe wanafunzi wake maabarani, awapeleke chini ya basi wakati limezimwa na kuegemezwa salama, wayatafute matundu yaliyozibwa na waandike wanachokiona. Hakuna mtihani utakaowafunza zaidi.

Basi letu lilitengenezwa na likaendelea kubeba watoto. Rangi yake iliyopita ilikuwa nzuri kuliko ile ya baada ya matengenezo, kwani fedha zilikuwa zimeisha. Lakini tangu siku hiyo nililipanda bila woga.