Fundi wa Nyumbani: Fimbo ya Puli Hupimwa kwa Kidole na kwa Mizani

Mama mmoja wa makazi ya Nakivale ametuletea swali ambalo kwa haraka laweza kudhaniwa ni la mchezo tu. Kijana wake anataka kuchongewa fimbo yake mwenyewe ya puli na seremala wa Mbarara. Ameambiwa achague iliyo nzito kuliko zote, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu, na bei hupanda pamoja na uzito. Mama anauliza iwapo fedha hizo zitapata kazi au zitapotea.

Swali hilo lina haki yake. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda, na kaya zilizohesabiwa kuwa zaweza kujitegemea ziliondolewa kabisa. Katika nyumba za namna hiyo, kila shilingi ina kazi inayoingoja. Hatumzuii kijana mchezo wake; twataka ajue anachokinunua.

Fimbo nyingi za puli zina urefu wa karibu sentimita 145 na uzito wa gramu 480 hadi 600. Kanuni za kimataifa haziruhusu kupita gramu 709. Ni kweli kwamba uzito husaidia kidogo, lakini ukizidi, mkono uleule huisukuma fimbo polepole zaidi, na mpira haupati faida iliyotarajiwa. Jambo kubwa zaidi ni mahali uzito ulipokaa.

Kila mkulima analijua hilo. Majembe mawili yaweza kulingana kwenye mizani ya duka, lakini moja likamchosha mtu kabla ya jua kupanda, kwa sababu ya mpini wake. Fimbo nayo ina kitovu cha uzito. Ilaze juu ya kidole kimoja, uisogeze taratibu hata itulie bila kuinama upande wowote. Kisha pima kutoka hapo hadi mwisho wa kitako. Kwa fimbo nyingi utapata sentimita 43 hadi 50.

Tutazame mfano. Fimbo ya gramu 540 inatulia sentimita 46 kutoka mwisho wa kitako. Fundi akitia gramu 30 za risasi ndani ya kitako, sentimita 5 kutoka mwisho, kitovu kitarudi nyuma hadi karibu sentimita 44. Akizitia gramu hizo hizo kwenye kiungo cha katikati, sentimita 73 kutoka mwisho, kitovu kitasogea mbele hadi kupita sentimita 47. Mizani itasema gramu 570 mara zote mbili, lakini mkono utasema hizi ni fimbo mbili tofauti. Ya kwanza huwa nyepesi mbele, na ncha yake huelekea kuinuka. Ya pili hulalia vizuri mkono wa mbele, ingawa huweza kumchosha anayecheza kwa muda mrefu.

Hakuna kipimo kimoja kinachowafaa watu wote. Wachezaji wengi hushika sentimita 10 hadi 15 nyuma ya kitovu, na mwenye mikono mirefu hushika nyuma zaidi. Kwa hiyo kijana na aende mwenyewe kwa fundi, ainame mezani kama achezavyo, na mkono wake upimwe.

Fundi stadi hutafuta uzito katika mti wenyewe kabla ya kutia madini. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na kipande chake kidogo hutosha kitakoni; mvule ni mwepesi kuliko huo. Sehemu ya mbele yafaa iwe ya mti mkavu wenye nyuzi zilizonyooka. Mti mbichi hupinda ukikauka, na fimbo iliyopinda haiponywi na uzito wowote.

Basi, mama, kabla ya kumaliza malipo, fanyeni mambo matatu. Ibiringisheni fimbo juu ya meza iliyo sawa, ikirukaruka, imepinda. Itulizeni juu ya kidole na mpime kwa futi. Mwisho, ipelekeni kwenye mizani. Fundi anayedai bei kwa gramu peke yake aulizwe gramu hizo amezitia wapi. Na ikiwa kijana ana fimbo ya zamani iliyonyooka, seremala aweza kutoboa kitako chake na kuongeza au kupunguza risasi kwa gharama ndogo kuliko fimbo mpya.

Nyumbani, fimbo isiegemezwe ukutani wala kuwekwa chini ya bati lenye joto. Ilazwe juu ya ubao ulionyooka, mahali pakavu penye kivuli.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kuchagua mpini wa jembe kwa njia hiyo hiyo ya kidole.